Kiyomi wa Kuzima Kwanza

Kule halmashauri wanamwita Kiyomi wa Kuzima Kwanza, na yeye mwenyewe analijua jina hilo wala halimsumbui. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, ana buti za mpira za kijani anazovaa kuanzia Novemba hadi theluji iishe, na kazi yake ni mabomba. Si ya maji ya kunywa. Ni yale yaliyofukiwa katikati ya barabara zetu, yenye matundu madogo yanayorusha maji ya kisima ili theluji iyeyuke inapoanguka. Sisi tuko Niigata, milimani, na bila mabomba hayo vichochoro vingi havipitiki, maana greda la theluji ni pana kuliko kichochoro.

Mimi ni Maruyama, kinyozi mstaafu wa mtaa wa Kamizawa. Nilimnyoa baba yake Kiyomi, mzee Onozuka, hadi alipofariki, kwa hiyo binti huyu namjua tangu alipokuwa anakaa kwenye benchi langu akisubiri baba yake amalizwe. Watoto wengine walikigeuza kiti changu cha kunyolea bembea. Yeye aliuliza kwanza kama kikizungushwa kitarudi mahali pake. Nilimjibu kwamba hata mimi sijui, naye hakukigusa.

Sasa, mji wetu unapungua. Shule imefungwa, zahanati inafunguliwa siku mbili kwa wiki, na kila mwaka halmashauri inatafuta kitu kingine cha kupunguza. Mabomba ya theluji yamekuwa yakitazamwa kwa jicho baya muda mrefu, kwa sababu pampu zimezeeka na umeme zinaokula si wa mchezo. Zamani wakitaka kuondoa bomba, walikuja na katapila, wakachimba, wakaondoka. Ndivyo walivyong'oa bomba la nyuma ya hekalu, ambalo kila mtu aliapa kwamba halina kazi. Kumbe ndilo lililokuwa likijaza bwawa la maji ya zimamoto. Waligundua siku ghala la hekalu liliposhika moto, wazima moto wakanyonya tope huku ghala likiteketea.

Baada ya aibu hiyo Kiyomi akapeleka pendekezo lake. Kabla ya kung'oa chochote, alisema, kizimeni kwanza. Funga koki, izungushie kitambaa chekundu mtu asije akaifungua ovyo, lakini pampu iache palepale na bomba liache palepale. Subiri msimu mzima wa baridi. Kama kuna mtu alikuwa anakitegemea kitu hicho atalalamika, na maji yatarudi kwa kugeuza mkono tu. Ikifika mwisho wa Februari hakuna mkazi aliyelalamika, basi kitu hicho hakina mwenyewe, na masika kinang'olewa. Madiwani waliupitisha mpango huo neno kwa neno, na ukafanya kazi vizuri. Walizima mtaa mmoja, watu wakapiga simu kabla ya mwaka mpya, maji yakarudi. Wakazima mwingine, kimya, masika wakang'oa na hakuna aliyeumia. Kisha ikafika zamu yetu.

Kamizawa ni kichochoro kinachopanda kilima, nyumba chache, na ndani yake hakuna kijana hata wa dawa. Nyumba ya juu kabisa, baada ya kona, ni ya Bibi Tomi Sekiguchi. Ni mjane, amepita miaka themanini, figo zake zimekufa. Mara tatu kwa wiki gari la hospitali linapanda kumchukua akasafishwe damu, na hilo si jambo la kusema leo theluji ni nyingi nitaenda kesho. Mwanawe yuko Saitama, amemtengea chumba, anambembeleza kila mwaka. Bibi Tomi hataki. Anasema alikwenda kukiona chumba chenyewe, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kwetu sote: gari likiweza kupanda, Bibi Tomi anabaki kwake. Lisipoweza, anaondoka, na katika umri ule mtu akiondoka harudi.

Tangazo la kufunga maji lilikuja kwa ule ubao wa matangazo unaopita nyumba hadi nyumba. Unasoma, unampelekea jirani. Ulipofika kwa Mzee Kuwabara, ambaye nyumba yake inapakana na ya Bibi Tomi na ndiye aliyepaswa kumpelekea, hakuupeleka. Aliushusha kwangu na kuuweka mezani.

"Akisoma huu, kesho anafungasha," alisema.

Nikamuuliza sasa tufanyeje.

"Mabeleshi si tunayo?"

Mgeni angeuliza kwa nini hatukuinua simu, maana jaribio lenyewe lilikuwa linasubiri simu. Nitasema ukweli hata kama unachekesha. Mimi ni mlalamishi mkubwa, mke wangu Fusae ni shahidi. Nalalamikia supu, nalalamikia taarifa ya habari, nalalamikia magoti yangu. Lakini kuipigia halmashauri simu na kusema sisi wa Kamizawa tunataka maji ni jambo jingine. Sote tunajua mfuko wao umetoboka. Wakiturudishia sisi, watafunga mtaa mwingine, na huko nako kuna mzee wa mtu. Nani atakayekuwa wa kwanza kunyoosha mkono na kusema mwenzangu apate shida badala yangu? Hapa kwetu mtu yuko radhi ajikaze kisabuni mpaka siku anazikwa.

Basi tukajikaza. Theluji ilipoanza tulikuwa tunaamka alfajiri, kila mtu na kipande chake, na Kuwabara, ambaye ana miaka sabini na tisa, akichukua kipande kikubwa kuliko vyote, kile cha kona, ambako mteremko ni mkali. Hatukuzungumza, ili Bibi Tomi asiamke. Tukimaliza, Kuwabara alichota maji kisimani kwake kwa ile ndoo ya kumwagilia maua, akainyunyizia lami mbele ya geti la bibi ili ionekane kama mabomba yamefanya kazi. Macho ya Bibi Tomi yana ukungu. Aliiona lami nyeusi iliyolowa, akaridhika, akapanda gari lake, na dereva akampungia mkono Kuwabara, ambaye saa hiyo alijifanya ametoka kuchukua gazeti.

Mwezi wa kwanza theluji ikatushukia kweli kweli, na Kiyomi akaja kuangalia. Nilimwona dirishani. Alisimama katikati ya barabara, ambayo ilikuwa safi, na badala ya kufurahi akainama kwenye ukingo. Theluji iliyoyeyushwa na maji huacha ukingo uliolegea, unaoteremka wenyewe. Ya kwetu ilikuwa imesimama wima pande zote mbili, imekatwa kama tofu kwa kisu. Akapanda hadi juu, akaiona ndoo ya maua nje kwa Kuwabara katikati ya Januari, akabisha hodi. Mimi nikavaa buti nikafuata, maana nilijua mzee ataharibu.

"Mzee Kuwabara, barabara hii kaisafisha nani?"

"Theluji ya mwaka huu nyepesi, mama. Inajiondokea."

"Inajiondokea kwa beleshi?"

"Hayo mazoezi tu. Daktari kaniambia nisikae bure."

"Na Maruyama naye kaambiwa na daktari?"

"Maruyama ana tumbo lile. Kwani mpaka aambiwe?"

Kiyomi hakucheka. Alituomba, kwa adabu kabisa, mmoja wetu alalamike. Simu moja tu, aseme hawezi. Kuwabara akajibu kwamba tunaweza. Kiyomi akashuka nyumba hadi nyumba akiomba watu wamlalamikie, na kila nyumba ilimkaribisha aingize miguu chini ya meza yenye hita, ikampa chai na figili za chumvi, ikamuuliza hali ya mama yake, ikamshukuru kwa kazi ngumu anayoifanya. Alipofika kwetu alikuwa amekunywa chai hadi amekuwa mwekundu. Fusae akamwekea kikombe kingine.

"Mama Fusae, nyinyi mtaniua," akasema. "Nimekuja watu wanitukane, wananishibisha."

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Mtu alikuwa amenaswa na mtego wake mwenyewe. Alikwenda kwa mkuu wa idara, Igarashi, mtu mwema aliyekwishachoka, akamweleza kwamba jaribio la Kamizawa ni la uongo. Igarashi akamuuliza kama kuna mkazi aliyelalamika. Hakuna. Je, barabara inapitika? Inapitika. Basi jaribio limefaulu, akasema, na mkandarasi ameshapangiwa Aprili. Kiyomi alipobisha, Igarashi akamkumbusha kwamba masharti ya lalamiko la mkazi aliyaandika yeye, na madiwani hawatabadilisha neno kwa sababu ya ukingo wa theluji.

Siku kadhaa zikapita bila Kiyomi kuonekana. Kisha akarudi, akatukusanya ukumbini kwangu, mahali nilipokuwa nikinyolea, tukakaa kwenye yale yale mabenchi. Safari hii hakuomba malalamiko.

"Mimi nilifunga maji nione kitatokea nini yasipokuwepo," akasema. "Nyinyi mkajitia ndani ya bomba. Sasa sijaona kitu, na masika nitang'oa bomba nikiwa sijaona kitu. Kwa hiyo jaribio halijaanza bado. Naomba ushirikiano wenu. Ijumaa asubuhi mabeleshi yabaki ndani. Asubuhi moja tu."

Hapo alitupata. Kulalamika hatuwezi, lakini kumnyima ushirikiano mtu wa halmashauri aliyekuja na kuinama mbele yetu, hilo pia hatuwezi. Tukatazamana. Kuwabara ndiye aliyeuliza swali lililokuwa vichwani mwetu, kwamba na Tomi je, damu yake itajaribiwa nayo?

Kiyomi alikuwa amejipanga. Hospitali imekubali kumpokea hata akifika mchana. Yeye mwenyewe atasimama kwenye koki tangu alfajiri, na akiifungua, barabara itakuwa wazi kabla ya muda huo. Hata hilo likishindikana, zimamoto wako tayari na machela ya theluji, watamshusha hadi kwenye gari.

"Ila lazima aambiwe," akasema. "Sifanyi jaribio juu ya mtu asiyejua."

Kuwabara akabadilika uso. Siku zote hizo tulikuwa tumemficha bibi wa watu, na sasa yeye ndiye aende kumwambia kwamba lami ile haikuwa kazi ya maji. Alikwenda, Kiyomi akamsindikiza. Aliporudi nilimuuliza ilikuwaje.

"Aliuliza nani na nani," akasema. "Nikamtajia. Akasema asante. Halafu akanikatia tunda la kaki."

"Basi?"

"Basi."

Alhamisi jioni Fusae alikwenda juu kumpelekea supu, akarudi nayo bakuli limejaa. Alimwona Bibi Tomi kupitia mlango wa kioo, sanduku liko wazi sakafuni, anakunja nguo za baridi, akaona aibu kubisha. Alinieleza huku amenipa mgongo akiosha sufuria. Nilikasirika. Nilimkasirikia Kiyomi na jaribio lake, nikamkasirikia Kuwabara kwa kukubali, na kama kawaida hasira yote ikaishia kwa mke wangu na sufuria zake.

Usiku ule theluji ilianguka bila kupumzika. Ijumaa asubuhi ilifika magotini. Tulisimama milangoni, kila mtu kwake, hatujui mikono tuiweke wapi. Jaribu kusimama ukitazama theluji uliyoizoea kuitoa, wenzako nao wamesimama, na hakuna anayefanya kitu. Kuwabara alikuwa ameshika beleshi lake hivyohivyo, ila ameligeuza, analiegemea kama mkongojo. Chini kabisa Kiyomi alisimama kwenye koki na kile kitambaa chekundu, simu iko sikioni, anaongea na Igarashi.

Saa mbili gari la hospitali likaja. Likajaribu kupanda, likateleza, likarudi nyuma, likajaribu tena. Dereva akashuka na kutazama juu. Kiyomi akasema kwenye simu kwamba gari limekwama. Kutokana na majibu yake tuliweza kukisia Igarashi anasema nini. Dereva si mkazi. Gari kukwama si lalamiko. Je, yupo mkazi aliyesema kitu? Kiyomi akatutazama mlango kwa mlango, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na ninaapa kwamba mdomo wangu ulifunguka. Hakikutoka kitu.

Ndipo Bibi Tomi alipotokea kwenye kona.

Alikuwa amevaa koti lake la kwenda hospitali, mkoba begani, anachoma theluji kwa mwavuli kila hatua. Kuwabara akamwendea, akamshika mkono, wakafika getini kwa Kuwabara na hapo bibi akakataa kusogea tena. Akamuuliza Kiyomi kwa sauti kama mkuu wake bado yuko kwenye simu. Kiyomi akapanda mbio, theluji ikiingia ndani ya zile buti za kijani, akampa simu. Sisi nasi tukasogea, nani angebaki mlangoni.

"Halo. Samahani sana kukusumbua asubuhi yote hii," Bibi Tomi akasema, akainamisha kichwa mbele ya simu. "Mimi ni Sekiguchi, wa Kamizawa juu. Nina malalamiko."

Akasikiliza kidogo.

"Hapana, mwanangu, si juu yangu. Mimi sina shida. Mimi nabebwa, nalazwa kitandani, narudishwa. Nalalamika juu ya hawa majirani. Huyu Kuwabara hapa karibu anatimiza themanini, na tangu Desemba anatoa theluji gizani ili nisijue mmefunga maji. Maruyama kinyozi anashika kifua kila akifika kwenye kona. Nilikuwa naona umbo lake dirishani kukipambazuka, nikadhani katoka kutembea. Jana nilifungasha niende kwa mwanangu niwapumzishe. Halafu nikawaza, nikiondoka kimya si mtaandika kwamba hakuna aliyelalamika? Mtang'oa bomba, na hawa wataendelea kwa ajili ya atakayefuata kuugua. Kwa hiyo nimefungua sanduku. Andika jina langu. Nalalamika, nasema fungueni maji. Samahani tena kwa usumbufu."

Fusae alinigeukia. Nikatazama paa la jirani. Habari ya kifua nilikuwa sijamwambia mtu.

Igarashi akamjibu. Bibi Tomi akaitikia mara mbili, akainama tena, akamrudishia Kiyomi simu. Kiyomi alisikiliza neno moja tu, akageuka, akateremka kilima nusu kukimbia nusu kuanguka, akakifungua kile kitambaa kwa meno kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akageuza koki. Pampu ikakoroma chini ya ardhi. Kwa muda hakukuwa na kitu, kisha theluji katikati ya barabara ikaanza kuzama hapa na pale, na maji yakatoka, mekundu ya kutu kwanza, halafu meupe. Kiyomi alikuwa analia na wala hakujificha. Dereva akasema atasubiri, hata ikichukua nusu ya asubuhi.

Hatukupiga makofi wala nini. Watu waliinamiana, wakasema mvuke ule unapendeza, wakarudi ndani mmoja mmoja kuchemsha chai. Fusae akamwingiza Bibi Tomi kwa Kuwabara akasubiri penye joto. Kuwabara mwenyewe aliliegemeza beleshi ukutani, akakaa kwenye ngazi ya mlango wake akitazama lami ikijitokeza, mara ya kwanza msimu ule kumwona amekaa.

Lami ilipofika mbele ya geti lake alitaka kusimama, ampungie dereva mkono aanze kupanda. Hakuweza. Alijaribu tena, akishika mwimo wa mlango, miguu ikakataa kabisa, na uso wake ukawa wa mtu aliyefumaniwa. Sijui ni tangu lini nyonga ile ilikuwa hivyo. Nilimshika upande mmoja, Kiyomi aliyekuwa amepanda akamshika upande wa pili, tukamwinua. Hakuwa mzito hata kidogo. Aliposimama sawasawa, alituinamia wote wawili, akaomba radhi kwa kutusumbua.